Pampu Mbili za Klachi

Siku ya tisini na moja ya eda yangu, shemeji yangu alikuja uani kutengeneza klachi ya gari la marehemu mume wangu. Siku hizo nilizihesabu kwa kalamu, kila alfajiri, kwa sababu siku ya mia na thelathini, eda ikiisha, wazee wa ukoo wangekaa kuamua gari ni la nani. Shemeji alilitaka alivunje auze vipuri. Mimi nililihitaji kupeleka vitenge vyangu sokoni Kamembe.

Lilikuwa gari dogo ambalo mume wangu alikuwa amelitia injini na giaboksi ya pikapu. Pampu ya juu, ile inayosukumwa na pedali, ilikuwa inavuja. Shemeji akaing'oa, akaitupa chini ya mparachichi, akafunga nyingine iliyotoka kwenye gari dogo la aina ileile. Matundu ya boliti yalilingana; akaridhika.

"Shemeji," aliniambia kupitia dirishani, "sasa pedali ni mwepesi. Hata batoto banaweza kuikanyaga. Nimekuwekea ya wanawake."

Alipoingiza gia, meno yakasagana. Alijaribu mara saba, kisha akafuta mikono. "Hii gari imekufa na mwenyewe."

Alipoondoka nilitoka ndani hadi uani, nikaokota pampu iliyotupwa. Ubavuni ilikuwa na namba kumi na tisa. Nikafungua boneti: ile mpya ilikuwa kumi na tano. Katika daftari la mume wangu nikasoma kwamba pampu ya chini ya pikapu ni kubwa, kwa hiyo ya juu isipungue kumi na tisa. Ndogo haitoi mafuta ya kutosha kuisukuma ya chini hadi klachi iachie. Ule wepesi ndio uliokuwa ugonjwa.

Nilijua pia jambo ambalo ukoo haukulijua. Shemeji, fundi wa miaka mingi, hajui kusoma hata namba. Mume wangu ndiye aliyekuwa akimsomea za vipuri, kwa sauti ya chini, wakijifanya wanataniana.

Ningeweza kumwita dirishani nimwambie. Nilinyamaza siku thelathini na tisa.

Siku ya mia na thelathini, shemeji alisimama mbele ya wazee akaeleza kwamba gari halifai. Nilimkabidhi pampu ya zamani, niliyokwisha kuitilia raba mpya isivuje, nikamwomba awasomee wazee namba yake, kisha ya ile aliyoifunga.

"Sina miwani," alisema.

Nilimpa ya kaka yake. Nilikuwa nimeiweka tayari.

Aliivaa. Akaigeuza pampu mkononi. "Ni sawasawa na ile ingine."

"Papa, tumekuuliza namba," mzee mmoja alisema. Mwingine akacheka. Shemeji aliendelea kuigeuza, nami sikumsaidia.

Fundi niliyemwita kutoka Giheke aliifunga pampu ya zamani wazee wakitazama. Gia ikaingia bila sauti. Gari likabaki kwangu. Pedali yake ni nzito, na mguu wangu umeizoea.

Wiki ya tatu baada ya kikao, mke wa shemeji alikuja. Wateja walikuwa wakimletea mumewe vikopo vya mafuta na kumtaka asome maandishi, wapate kucheka.

"Maman, wewe umesoma ukubwani. Umufundishe, hata usiku, muntu asimuone."

Nilimjibu kwamba mimi nilianza nikiwa na miaka arobaini na mmoja, mchana, na mumewe alikuwa akisimama mlangoni mwa darasa kunicheka. Kisha nikamwonyesha mlango.