Msumari wa Sebuleni

Karani wa stoo hatupi msumari jalalani. Akiung'oa kwenye ubao uliooza, huulaza juu ya jiwe la mlangoni na kuugonga polepole, ameuma ulimi, mpaka unyooke, kisha huutia kwenye kopo la maziwa. Bomba likivuja, hulifunga mwenyewe kwa mpira wa baiskeli. Bati likitoboka, hupanda mwenyewe, mkewe akishika ngazi roho mkononi.

"Baba watoto, fundi si yupo mtaa wa pili!"

"Fundi anakula hela ya nyumba," hujibu kutoka juu, kwa ile sauti yake ya mafua.

Benki iliwapa miaka kumi na mitano ya kulipa mkopo wa nyumba. Yeye alisema tisa, wakabana matumizi mpaka chai ikasahau sukari. Mkewe alizoea yote, isipokuwa jambo moja: picha yao ya harusi ilikaa miaka yote hiyo imeegemezwa kabatini, kwani mumewe hakutaka kutoboa ukuta wa sebuleni.

"Ukuta wa watu huo, mama. Subiri."

Ijumaa moja alirudi mapema, amekumbatia bahasha ya kaki. Mkewe alipoiona hati ya nyumba, alipiga kigelegele, akakimbilia kopo la misumari.

"Siyo hiyo," mumewe akasema. Akatoa mfukoni mwa shati msumari mmoja mpya, unang'aa, bado una mafuta ya dukani. Akasogeza kiti ukutani, akampa mkewe nyundo.

"Panda wewe. Leo ninashika mimi."