Gugumaji Katika Silanga ya Lambwe

Niliolewa Lambwe nikitoka Sori, katikati ya miaka ya tisini, wakati magugumaji yalipokuwa yamefunga ufuo wa ziwa kwetu. Ulikuwa mmea wa ng'ambo ambao wazee wetu hawakuwahi kuuona, na ulisafiri kwa njia rahisi kabisa. Kipande kinanasa kwenye wavu au chini ya mtumbwi, mvuvi anakwenda kutega ufuo mwingine, basi, kimefika. Asubuhi baba yangu alisimama nchi kavu akiutazama mtumbwi wake uliozingirwa na kijani kitupu, na mama hakuwa na omena, wale dagaa wa ziwani, wa kuanika.

Kwa hiyo mama mkwe aliporudi kutoka matanga huko Sori na gugu moja ndani ya karai, limefunikwa gunia bichi, nililitambua kabla hajalifunua. Alikuwa amelinyunyizia maji njia nzima. Alilipenda lile ua la zambarau. Akalitia katika silanga yetu, bwawa la kuchimbwa ambalo ng'ombe wote wa upande ule walilitegemea wakati wa kiangazi.

"Mama," nikamwambia, "hilo litaimaliza silanga."

"Ua moja, nyar Sori?" Ndivyo alivyoniita, binti wa Sori, kwetu mke huitwa kwa alikotoka. "Ng'ombe wataogopa ua?"

Shemeji yangu akaangua kicheko. "Anaogopa kwao kumemfuata huku!"

Nilieleza polepole, maana ndivyo nilivyo. Gugu hutoa kikonyo pembeni, na mwisho wa kikonyo huota mtoto mwenye mizizi yake. Mtoto naye huzaa kabla hujamzoea. Majani hufunika maji, ng'ombe hawayafikii, na kiangazi kikikaza mmea wenyewe unakunywa kilichobaki. Si jambo gumu. Yeyote anaweza kulielewa akikaa na kulitazama. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanituma nikateke maji ya uji.

Mvua zilipokwisha, kona nzima ya silanga ilikuwa kijani.

Niliingia mchana, watu wakinywesha mifugo, leso nimeifunga kiunoni. Mke mgeni haingii majini hadi mapajani mbele ya mashemeji. Nilijua, nikaingia. Nilivuta gugu zima na mizizi yake, nikalitupa mbali kwenye changarawe likauke, nikavuta lingine. Mtu akakimbia kumwita mama mkwe.

"Toka humo!"

"Bado, mama."

"Mimi ndiye niliyelileta hilo ua."

"Ndiyo, mama. Na mimi ndiye ninayeling'oa."

"Basi rudi kwenu!"

"Nitarudi nikimaliza kona hii."

Safari hii shemeji hakucheka. Mtamba wake alikuwa ameshuka upande ule, amezama miguu ndani ya majani, akinyoosha shingo huku na huku akitafuta maji. Alikosa. Aligeuka, akapanda ukingo bila kunywa, na sote tulikuwa tukimtazama. Mama mkwe akaketi juu ya jiwe. Hakunisaidia, wala hakuniambia tena nitoke.

Niliendelea mpaka mikono ikafa ganzi. Nilipodhani nimemaliza, nikaanza kukamua leso, ndipo nikaisikia sauti yake, kali vilevile:

"Limebaki moja kule kwenye matete. Huoni?"

Nikalifuata.

Hatukuzungumza vizuri kwa muda mrefu baada ya hapo. Sikurudi kwetu, na sikuomba msamaha. Mbegu za gugu lile hulala topeni miaka na miaka, kwa hiyo kila mvua zilipokwisha nilifunga leso nikaingia tena majini, mchana, na aliyetaka kucheka alicheka. Ng'ombe walikunywa.