Mfumo Umesema Bibi Hajazaliwa

Karani wa mapokezi wa zahanati moja huku Nangwa hagusi kompyuta kabla hajapuliza vumbi kwenye kibodi, akafuta kioo kwa mkono wa sweta na kukohoa kama padri anayejiandaa kuhubiri. Akitamka neno "mfumo", sauti yake inakuwa nzito ghafla. Mfumo wenyewe, wa kusajili wagonjwa kwenye kompyuta, kautengeneza yeye, na mwaka wa kuzaliwa kaupa tarakimu mbili tu. Nyingine mbili aliona ni kujaza kioo bure. Chuo alikiacha akiamini hakina jipya la kumfundisha. Chuo nacho hakikumbembeleza.

Asubuhi hii kafika Bibi Verediana, jicho limevimba kama nyanya. Karani akamwamkia vizuri, akauliza mwaka wa kuzaliwa. "Elfu moja mia tisa thelathini na nane," Bibi akasema. Karani akabonyeza 38, kioo kikawa chekundu.

"Bibi, dawa haitoki. Mfumo unasema utazaliwa mwaka 2038."

"Si uongo huo?"

"Mfumo haukosei, Bibi."

Bibi akamkazia jicho lililobaki, kisha mbele ya foleni nzima akainamisha kichwa. "Shikamoo, babu."

Na karani, mtoto aliyelelewa kwamba shikamoo haiachwi ikaanguka chini, mdomo ukamtangulia: "Marahaba."

Foleni ikavunjika mbavu. Bibi hakucheka, alinyoosha kiganja. "Haya babu, mpe mjukuu wako dawa."

Karani akaifuata mwenyewe kwenye dirisha la dawa, masikio yanawaka moto, huku nyuma mfumo wake ukiendelea kumsubiri Bibi azaliwe.