Sweta Lililofumwa Mara Mbili

Kabati la chumba cha kulala lina milango mitatu. Wa kwanza ni wa mume, fundi umeme. Wa pili ni wa mke. Wa tatu ulikusudiwa mashuka, lakini mashuka yalihamishiwa kwenye sanduku chini ya kitanda miaka mingi iliyopita, na sasa mlango huo ni wa uzi. Anayeufungua bila kuizuia rafu ya juu kwa mkono huangukiwa na vibonge vya uzi kichwani.

Mwenye kabati ni karani wa masjala katika ofisi ya maji, mwanamke wa miaka arobaini na saba. Kazini wanamwita Sindano. Hafumi kwa biashara. Hufuma saa ya chakula cha mchana, kiti kikiwa kimegeuzwa kuelekea dirishani, na mwenzake wa meza ya pili husema kwamba siku uzi ukimzidia, atalivisha sweta na kabati la mafaili.

Kazi zake ameziorodhesha kwenye daftari la shule. Ukurasa wa kushoto ni wa zilizokwisha: mistari hamsini na mitatu kabla ya kisa hiki, kila mmoja na alama ya vema. Ukurasa wa kulia ni wa zinazoendelea, nazo ni tisa. Kuna soksi moja ambayo mwenzake hajawahi kuanzwa. Kuna blanketi la vipande vya mraba lililofikia ukubwa wa taulo likakoma hapo. Kuna sweta la mume, lililoanzwa wakati wa uchumba, ambalo mpaka leo ni mgongo mtupu. "Lilipoanzwa nilikuwa kijana mwembamba," husema mume akiwa na wageni. "Sasa ule mgongo wote unanitosha bega moja." Wageni hucheka, na Sindano hucheka pamoja nao. Deni hilo halijawahi kumsumbua.

Uliomsumbua ni mstari wa kwanza wa ukurasa huo, ambao kwa miaka miwili alikuwa akiuruka kwa macho kila alipofungua daftari: Shangazi, la kijivu, mikono tu.

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba yake, mkunga mstaafu. Ndiye aliyemfundisha kufuma akiwa na miaka minane, kwa uzi mwekundu uliofumuliwa kutoka soksi kuukuu. Katika miaka yake ya kazi Shangazi alifuma akisubiri uchungu wa wajawazito ukolee, na haihesabiki idadi ya watoto waliotoka wodini wakiwa na kofia zake. Alifumia ndugu, majirani, madaktari, hata mlinzi wa lango. Yeye mwenyewe alivaa masweta ya dukani. Akiulizwa, alijibu kwamba kinyozi hajinyoi.

Alipostaafu alinunua sufu ya kijivu, nzito, ya kutosha sweta moja la vifungo, akatangaza kwamba sasa ni zamu yake. Mwili wa sweta, yaani mgongo na pande mbili za mbele, ulimchukua miezi minane. Zamani ungemchukua wiki tano. Baridi yabisi ilikuwa imeingia vidoleni, na kabla hajaanza mikono ya sweta, vidole vilikataa kabisa kushika sindano. Akaifunga kazi yake kwenye mfuko, akaja nayo kwa mpwa wake.

"Mwili wote huu hapa," alisema. "Bado mikono tu. Nimalizie, mwanangu, nilivae baridi hii."

Baridi hiyo ikapita. Ikaja nyingine, ikapita nayo.

Sababu haikuwa kukosa nafasi. Katika miaka hiyo miwili Sindano alianza na kumaliza kazi kumi na moja: kofia ya mjukuu wa mkuu wa idara, skafu ya mwenzao aliyehamishwa, fulana tatu za vichanga, na nyinginezo ambazo kila moja ilimletea asante ya papo hapo. La Shangazi lilikuwa la kijivu tupu, mfumo mmoja kutoka chini hadi juu, na kazi iliyoanzwa na mtu mwingine, alimwambia mwenzake wa ofisini, haina utamu. Alilisema hilo mara moja tu. Lilipomtoka alisikia lilivyo.

Shangazi hakudai. Alipiga simu kila baada ya wiki mbili kusalimia, akauliza habari za nyumbani, kisha akauliza kama kazi zinakwenda. Sindano alijibu kwamba zinakwenda. Wote wawili walijua ni kazi gani haikutajwa.

Baridi ya tatu ilipokaribia alitoa mfuko, akafuma mkono wa kwanza, akauweka kando ya mwili wa sweta. Hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Kila mfumaji ana mkazo wake, kama kila mtu alivyo na mwandiko wake. Shangazi alivuta uzi kwa nguvu. Vitanzi vyake vilikuwa vidogo, vimebanana kama mkeka. Sindano ana mkono mlegevu, na kitambaa chake hulala laini. Uzi ulikuwa mmoja, sindano zilikuwa zilezile, lakini mkono na mwili vilionekana kama nguo za watu wawili. Dawa ya hali hiyo inajulikana: unachukua sindano nyembamba zaidi. Alizichukua. Tofauti ikapungua, haikuisha.

Akaanza kuuchunguza mwili wenyewe. Sehemu ya chini ilikuwa kamilifu. Kuanzia usawa wa kwapa safu zilianza kuyumba, kitanzi kimoja kikubwa, kingine kimekabwa, na mabegani palikuwa na mawimbi kabisa. Juu kidogo ya ukingo wa kiunoni, ubavu wa kushoto, aliona pia kitanzi kimoja kilichofumwa kinyume, fundo lake likiwa limetokeza nje badala ya kubaki ndani. Alimwonyesha mume.

"Hata Shangazi siku hizi anakosea," alimwambia.

Aliamua kumsaidia. Ndivyo alivyojiambia. Jumapili moja mchana alikata uzi wa mwisho pale begani, akavuta. Sweta lina utii wa ajabu likivutwa uzi: safu baada ya safu ilimwachia bila ubishi, na kazi ya miezi minane ikageuka rundo la uzi sakafuni kwa muda wa dakika arobaini. Uzi ulikuwa umejikunjakunja kama waya wa simu ya mezani. Akauosha, akautundika uani na chupa ya maji ikining'inia chini yake ili unyooke. Kisha akafuma upya, mwili na mikono, kwa mkazo mmoja, wake. Wiki sita. Lilipokwisha lilikuwa sweta safi kuliko yote aliyowahi kufuma. Akaweka alama ya vema, akampigia Shangazi simu. Shangazi alisema atalifuata mwenyewe Jumamosi, kwa kuwa Jumatatu inayofuata ana kliniki na ukumbi wa kusubiria una baridi.

Simu hiyo ilipigwa Jumatatu. Jumatano, akitafuta mfano wa mfuko kwa ajili ya sweta la mtoto wa jirani, alitoa rafuni sweta lake mwenyewe la utotoni, jekundu, alilofumiwa na Shangazi. Akaligeuza kuangalia mshono wa ubavuni. Juu ya ukingo wa kiunoni, ubavu wa kushoto, safu ya tatu, palikuwa na kitanzi kimoja kinyume.

Akatoa kofia ya kifungua mimba wake. Kipo, safu ya tatu. Akatoa shali aliyofungiwa nayo kifungua mimba huyohuyo siku ya kutoka hospitali. Kipo.

Alikaa kitandani na vitu hivyo vitatu mapajani. Mume alipoingia kutafuta bisibisi yake alimkuta vivyo hivyo, akauliza nani amefariki.

Alimweleza. Mume ni mtu wa nyaya. Alisikiliza kwanza, kisha akatafuta ilipokatika.

"Kwa hiyo haikuwa kosa," alisema.

"Ilikuwa sahihi yake."

"Na zile safu za juu, zilizoyumba?"

Kuhusu hizo Sindano alikuwa tayari ameshafikiri. Safu za chini zilifumwa na mkunga mwenye vidole vizima. Za juu na mtu aliyekuwa akiumia kwa kila kitanzi na bado akaendelea mpaka mabegani. Yote yalikuwa yameandikwa pale, na yeye ameyafua na kuyatundikia chupa ya maji.

Mume alishauri amwambie Shangazi kabla hajaja, kwa simu, yaishe. Njia ya mwongo ni fupi, alisema. Sindano akasema hajadanganya mtu. Mume akasema ndiyo, bado, akachukua bisibisi yake akatoka.

Hakupiga simu Jumatano, wala Alhamisi. Ofisini alitoa faili la mteja mmoja akalipeleka kwa jina la mwingine, jambo ambalo lilikuwa halijamtokea kwa miaka kumi na tisa. Mwenzake akamtania kwamba uzi umeshapanda kichwani.

Ijumaa alipotoka kazini alifanya kitu ambacho kwa mfumaji ni rahisi mno. Kwa sindano butu na kipande cha uzi wa kijivu, alitarizi juu ya kitanzi kimoja, ubavu wa kushoto, safu ya tatu, kikaonekana kama kimefumwa kinyume. Haikumchukua hata dakika mbili. Alilishika sweta mbele ya dirisha na hakuona tofauti yoyote. Kwa jicho lolote lilikuwa na sahihi ya Shangazi. Mume alimtazama akiwa mlangoni, kisha akaenda zake.

Shangazi alifika Jumamosi saa nne asubuhi. Ni mwanamke mrefu, anayeingia katika nyumba ya watu kama anayeingia wodini, akikagua. Walisalimiana, akaulizia watoto, akamwambia fundi umeme kwamba ananenepa kwa raha ya nani, kisha akakaa na kunyoosha mikono yake mbele. Vidole vilikuwa vimepinda kuelekea upande mmoja, kama nyasi zilizolazwa na maji.

Sweta likawekwa mapajani mwake. Hakulitazama kwanza. Aliliburuza polepole mpaka akaupata ukingo wa kiunoni, akatembeza kidole gumba ubavuni, juu, juu tena, kikasimama.

"Kipo," alisema, na uso wake ukalegea. "Nilikuwa na wasiwasi, mwanangu. Nilijisemea, huyu ana jicho kali, atakiona, atadhani ni kosa, atakirekebisha."

Akaeleza, akiwa na furaha, kwamba alianza kuweka alama hiyo akiwa msichana, kwa sababu alitoa nguo nyingi na alitaka kuzitambua zikipita barabarani mwilini mwa watu. Mara mbili amewahi kumsimamisha mtu asiyemjua. Hakuwahi kumwambia yeyote. Yeye, Sindano, ndiye wa kwanza.

Jambo lilikuwa limekwisha hapo. Fundi umeme, aliyekuwa amekaa pembeni akijifanya anasoma karatasi ya maelekezo ya feni, anasema alimwona mkewe akivuta pumzi kama mtu aliyeponea chupuchupu, kisha akaitoa na hakuonekana kupona.

"Nilikirekebisha, Shangazi."

"Umesemaje?"

"Niliona kosa. Nikalifumua lote. Mwili wote. Nimeufuma mimi upya. Hicho unachokishika nimekitarizi jana."

Shangazi hakuondoa kidole. Alikipeleka juu, kwenye kifua cha sweta, mpaka begani, palipokuwa na mawimbi. Palikuwa laini. Akalikunja bega kati ya viganja viwili akasikia ulegevu wa mkono wa mpwa wake, alioupigia kelele miaka thelathini na tisa iliyopita.

"Kumbe mpaka leo sijajifumia kitu," alisema.

Hakulia wala hakupandisha sauti. Alilisema kama mtu anayepokea taarifa ya kweli kutoka mbali. Sindano alianza kueleza kuhusu mikazo miwili, sindano nyembamba, safu za juu. Akajisikia anavyoeleza, akanyamaza.

Baada ya hapo Shangazi alisimama na kulivaa, kwa sababu Jumatatu ilikuwa palepale na ukumbi wa kliniki una baridi. Vidole vyake havikuweza vifungo. Sindano akavifunga vyote saba, kuanzia chini, na alipofika cha juu wakawa wanatazamana kwa ukaribu asioutaka. Shangazi akajigeuza mbele ya kioo cha kabati. Mabega yalikaa pake, mikono iliishia penye kifundo.

"Limenikaa," alisema. "Umefuma vizuri kunishinda." Kisha akainua mkono wa kushoto. "Hicho kitoe. Si changu."

Sindano alichukua mkasi mdogo, akapiga magoti pale sakafuni, kwenye ubavu wa shangazi yake, akatafuta uzi aliouingiza jana. Ncha ya mkasi ilipita karibu na kitanzi cha kweli.

"Polepole," alisema Shangazi kutoka juu. "Usije ukanifumua mara ya pili."

Uzi ukatoka mzima, urefu wa kidole. Mahali ulipokuwa hapakubaki alama.

Daftari bado lipo, na sweta hilo limehesabiwa upande wa kushoto, la hamsini na nne. Alama ya vema imefutwa. Kile kipande cha uzi kimebandikwa mahali pake kwa gundi ya karatasi.