Mikato Minne kwenye Mpini

Watu wanaokuja kuona visu vyangu huuliza kwa nini vyote ni vya askari, tena vya kukunja. Mimi huwajibu kwamba chuma chake ni kizuri. Ni kweli, lakini sicho kilichonianzisha.

Baba alipigana vita vya Mwingereza kule Burma, akarudi na kisu cha namna hiyo: upande mmoja bapa la kukatia, upande wa pili msumari mnene wa kufumulia kamba. Kila alipopata mtoto alichonga mkato mmoja kwenye mpini mweusi. Mtoto wa nne alipozaliwa, mama alifariki katika uzazi huo. Kabla mdogo wetu huyo hajatambaa, baba naye akafuata. Kwetu mali ya mwanamume hurithiwa na mpwa wake, si watoto wake. Mtoto wa shangazi alikuja matangani, akachukua koti, jembe na kisu. Mimi nilikuwa darasa la nne, na shule yangu ikaishia hapo.

Mdogo wetu alipopata akili aliuliza yeye aliachiwa nini na baba. Nikamwambia habari za mkato wa nne. Kisha nikaenda kwa binamu yule aliyekichukua, nikamwomba anipe kisu, nami nimpe jembe jipya.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kisu? Nilikwisha kiuza kule Nanganga, haki ya Mungu. Ulidhani nakiatamia kama kuku?"

Akacheka. Binamu kwetu ni mtani, na anayekasirikia utani ndiye mwenye kosa. Nikacheka.

Ndipo nikaanza kutafuta. Kwetu Kitangari maji yalifuatwa bondeni, safari ya asubuhi nzima. Niliwatekea wazee waliokuwa askari, nao wakanipa visu vyao vibovu, walivyovigeuza kabari. Niliteremka hadi Masasi. Pale nililima shamba la mlinzi mmoja wa hospitali ya Mkomaindo, akanipa chake. Kila nilichopata nilisafisha mpini kwanza, mdogo wangu akapitisha kidole gumba kutafuta mikato.

"Kaka, ndicho?"

"Sicho."

Baada ya hapo ndipo nilipokilaza kisu katika mafuta ya taa, nikakisugua kwa gunzi na majivu, nikakinoa. Mpini uliopasuka niliubadilisha kwa mpya wa mpingo. Watu waliusifu mpingo wangu, na mimi nilizipenda sifa hizo.

Msimu mmoja wa korosho mke wa binamu alileta kisu cha mumewe nikitengeneze. Walikuwa wamekitumia kugeuzia korosho motoni, na mpini umegandwa na mafuta ya maganda, meusi kama lami. Mafuta hayo huunguza mkono ukachubuka. Mpini wa hivyo hausafishwi. Hung'olewa kwa koleo na kutupwa motoni. Nikaung'oa, nikautupa. Hicho peke yake ndicho ambacho sikukikagua, kwa sababu binamu alikwisha kuniapia.

Binamu alikuja kukichukua mwenyewe, mchana, mdogo wangu akiwa bondeni. Akakikunjua, akakikunja.

"Hongera, fundi. Hata mjomba asingekitambua."

"Mjomba yupi?"

"Mjomba yupi tena? Baba yako. Ile ya Nanganga ilikuwa utani. Nilimwambia mke wangu apeleke, tuone kama mtoto atamjua baba yake." Akapapasa mpingo. "Ile mikato umeihamishia wapi?"

Nilitazama mafiga. "Imeungua."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Basi umewachoma wote wanne." Akaningoja nicheke. Nikacheka.

Nilimwomba aniachie kisu hata siku moja nichonge mikato mingine.

"Mpingo mzuri namna hii? Usiuharibu," akasema, akakitia mfukoni, akaondoka.

Mdogo wangu alirudi na ndoo kichwani. Alipoitua akaona vumbi la mpingo sakafuni.

"Kaka, cha leo ndicho?"

"Sicho."

"Ulitazama vizuri?"

"Nilitazama."

Wiki ile ile nilimtekea mzee mwingine maji, nikaleta kisu kingine. Nikasafisha mpini mbele ya mdogo wangu, polepole, kisha nikampa apitishe kidole.