Sauti Iliyokuwa Mezani

Fundi Gu Meizhen alikuwa mwanamke mwenye kibanda ghorofa ya tatu ya soko la kompyuta mjini Shenyang. Kwa miaka mingi riziki yake ilitoka kwenye mashine zilizoungwaungwa kwa vipuri vya huku na kule, zikapakiwa Windows ya kunakili, isiyolipiwa. Mashine za namna hiyo zina ugonjwa wao: unaiwasha, skrini inageuka buluu, inazima, inajiwasha, inageuka buluu tena. Mara nyingi kosa ni programu ndogo inayoiwezesha Windows kuelewana na diski. Pale sokoni hakuna aliyejisumbua kuitafuta. Dawa ilikuwa kufuta kila kitu na kunakili upya kutoka kwenye sidii. Meizhen naye alipenda njia za mkato, ingawa ungemwambia hivyo angenuna wiki nzima.

Mzee Luan, mfugaji wa njiwa, alikuja ameikumbatia kompyuta yake kama mtoto mwenye homa. Mpwa wake alikuwa ameibadilishia betri ndogo ya ndani, na tangu hapo ni buluu tupu.

"Fundi, hii ikifa na mimi nimekwisha," alisema. "Kuna sauti ya marehemu mke wangu akiita njiwa. Ndiyo ninayowapigia jioni. Bila hiyo hawashuki."

"Hiyo sauti umeiweka wapi?"

"Iko mezani."

"Sasa kama iko mezani, wasiwasi wa nini? Kaa unywe chai, mzee wangu."

Alichofikiria Meizhen ni kanda, juu ya meza, nyumbani kwa mzee. Akatia sidii, akafuta, akanakili. Akawasha. Buluu.

Hapo ndipo alipoingia kwenye mipangilio ya ndani ya mashine, ile inayosomwa kabla ya Windows. Betri ilipotolewa, mashine ilisahau namna yake ya kuisoma diski, ikarudia ile ya kiwandani, ambayo Windows ya kunakili haikuijua. Akabadilisha mstari mmoja, ikawaka bila tatizo. Ingewaka vivyo hivyo kabla hajafuta chochote.

Mzee akasogea, akagusa kioo kwa kidole. "Ilikuwa hapa. Hapa mezani, karibu na picha ya pipa la taka."

Meza. Sokoni wote waliuita hivyo uso ule wa kwanza wa skrini, na Meizhen mwenyewe alilitamka neno hilo kutwa nzima. Alijaribu kila programu ya kufukua vilivyofutwa, asipate kitu. Nakala mpya ilikuwa imeifunika ya zamani. Aliona aibu, aibu ya kweli. Akafunga kibanda, akaibeba kompyuta mwenyewe hadi kwa mzee.

Njiwa walikuwa juu ya paa la jengo la jirani. Mzee akaita. Hawakutikisika.

"Umewaona? Utadhani mimi mwizi wao."

"Mama alikuwa akiwaitaje?"

"Guu-guu-guu, njooni mle. Lakini usijichoshe, mwanangu. Hao walimjua yeye."

Meizhen akaita, kwa sauti yake kavu ya kubishana na wateja. Njiwa wakainuka wote, wakazunguka mara moja, wakatua miguuni pake wakidai mahindi.

Akamgeukia mzee akitabasamu, akidhani amemponya. Mzee alikuwa ameshika bakuli la mahindi, wala hakulimwaga.

"Kumbe mwanamke yeyote angewatosha," alisema. "Kumbe aliyekuwa akimsikia marehemu ni mimi tu."