Fundo la Kuteremkia Mombo

Mashua yangu ndogo niliiundia uani kwetu Lukozi, niishushe baharini Tanga ikikamilika. Kamba ya kupunguza tanga niliipitisha mpaka nyuma ninapokaa, ili upepo ukizidi nivute tu bila kunyanyuka. Siku ya kuijaribu palepale uani, tanga likiwa juu, upepo ulikuja, nikavuta. Haikusogea. Shemeji yangu, anayefunga mizigo ya kabichi kwenye malori yanayoshuka mlimani, alikuwa ameikaza mlingotini kwa fundo lake la kuteremkia Mombo.

“Ilikuwa imelegea, shemeji,” akasema.

“Nani alikutuma?”

“Fundo langu halijawahi kufunguka njiani.”

Hasira zilinipanda, nikachukua kisu. Nilikata kamba ile mpya, nikapitisha nyingine, nikaingia ndani bila kumuaga. Asubuhi nikakuta ameifunga tena, safari hii mafundo mawili.